Skrubu Iwe ya Mwisho

Kaa hapa karibu, mwanangu, unieleze taratibu. Umesema mashine ya boti yako inanguruma hata kabla hujatia gia, abiria wanakupigia simu, na bisibisi unayo mkononi tayari. Iweke chini kwanza. Mama yako alikwisha kukusimulia jinsi ulivyozaliwa Kisaki msimu wa mafuriko. Upande wa mashine hakukusimulia, kwa kuwa siku ile alikuwa na kazi nyingine.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani juma zima, na mto Mgeta ulishuka mwekundu, umebeba magogo. Sisi tulilima ng'ambo, na zahanati ilikuwa upande wa stesheni. Uchungu ulimwanza dada yangu, mama yako, alfajiri. Kulipokucha tukamshusha mtoni kwenye machela ya mianzi, baba yako mbele, mimi nyuma. Boti yenye mashine ilikuwa moja tu, ya mjomba wetu Adriani, kaka wa bibi yako, aliyeteremka kutoka Kinole kule milimani zamani akakaa bondeni. Mimi nilikuwa kijana wake wa kazi.

Mjomba akavuta kamba, mashine ikawaka, ikapiga kelele kama lori linalopanda mlima na mzigo wa kabichi. Tukasubiri itulie. Haikutulia. Ule mwendo wa injini ambayo haijatiwa gia, mafundi wanauita silensa, ulikuwa juu mno. Mjomba akazima.

Baba yako akataka kujua kwa nini anazima mashine inayowaka. Mjomba akamweleza kwamba akitia gia kwa kasi ile, boti itaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba na kumtupa mgonjwa. Tena meno ya gia yakivunjika katikati ya mto, maji yatatuchukua hadi kwa viboko. Baba yako hakusikia. Alisema maneno ambayo hata leo akikumbushwa hukohoa na kuomba chai.

Mimi niliona dawa ni rahisi. Ubavuni mwa kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa, kuna skrubu ndogo ya mwendo. Ukiilegeza, kelele inashuka. Nilikuwa nimekwisha kuielekezea bisibisi mjomba aliponishika kifundo cha mkono.

"Nani aliigusa hiyo skrubu jana?"

"Hakuna, mjomba."

"Na jana mashine ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri."

"Basi iache. Kilichohama ni kingine."

Akatazama choki, kile kitufe kinachovutwa kuwasha injini ikiwa baridi, ilikuwa imerudi ndani. Akazungusha mkono wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo, na kuuachia, akaufuata waya wake kwa jicho mpaka kwenye kabureta, kuona kama unarudi wote au umekwama njiani. Ulirudi wote. Akawasha tena. Akachovya kijiti kwenye oili, akapaka pale kabureta inapoungana na injini. Juu, kelele ileile. Chini, kelele ikashuka ghafla, kisha oili iliponyonywa ndani ikapanda tena. Hapo palikuwa na mwanya unaoingiza hewa. Ningeshusha ile skrubu, hewa ingeendelea kupenya, na huenda mashine ingetuzimikia katikati ya maji.

Akazima, akashika spana. Baba yako akalalamika kwamba mtoto atazaliwa kwenye matope. Sauti ikatoka kwenye machela.

"Wewe baba, mimi ndiye ninayejua yuko wapi. Mwache mjomba akaze nati zake."

Hapo ndipo nilipoiona mikono ya mjomba. Ilikuwa inatetemeka, spana inagonga chuma. Nilikuwa nimedhani yule mzee hana wasiwasi. Kumbe kwetu Waluguru mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake. Wewe uliyekuwa tumboni ulikuwa wa ukoo wa Adriani kabla hujawa wa mtu mwingine yeyote pale. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama anaogopa.

"Naogopa sana," akasema. "Ndiyo maana naanza na kimoja, nikimaliza ndiyo nashika kingine. Nikivuruga, nitajuaje nimeharibu wapi?"

Nati ya chini ilikuwa imelegea kwa mtikisiko. Akaikaza, akakaza na mwenzake. Mashine ilipowaka, ilitulia ikawa inanong'ona. Gia ikaingia bila kishindo, tukavuka tukikwepa magogo mpaka ng'ambo. Baba yako na mjomba wakaikimbiza machela, nami sikuwa hata nimemaliza kufunga boti nilipokusikia ukilia kule zahanati.

Kwa hiyo, mwanangu, watu wanaokupigia simu waambie ukweli, kwamba boti haiondoki mpaka mashine itulie. Kuogopa si kosa, mimi mwenyewe naogopa nikikufikiria huko majini. Lakini hofu isikuchagulie pa kuanzia. Jiulize kwanza nini kimebadilika tangu jana. Ile skrubu ni ya mwisho, tena injini ikiwa imeshapata moto. Mungu akupe mikono inayofanya kazi hata ikitetemeka, na kila unayempakia umfikishe ng'ambo akiwa mzima.

Haya, rudi kwenye boti. Angalia choki, kisha waya wa mafuta, kisha upake oili kwenye maungio ya kabureta, na usikilize.