Maman wa Nyangezi Mbele ya Madaktari

Madaktari wa mkoa tulikuwa tukikutana Jumamosi moja kila mwezi, katika ukumbi wa hospitali moja kubwa pale Bukavu. Wale wa mjini walifika kwa miguu, suti zao za abakosti zimepigwa pasi. Sisi wa mashambani tulitoka Nyangezi, Mumosho na mbali zaidi, viatu vimejaa matope. Majarida ya ng'ambo yalifika yamechelewa, au hayakufika kabisa, na mtu akikaa peke yake kijijini anasahau haraka alichosomea. Mafunzo yale yalikuwa yetu sote. Lakini aliyeyaongoza aliyafanya kuwa yake.

Alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya ndani, amesomea Ubelgiji. Sitamtaja jina. Alijua mengi, sikatai. Daktari wa mashambani akisimama kueleza mgonjwa wake, yeye alimsikiliza huku ameinamisha kichwa, kisha akampiga kwa swali moja, watu wakacheka, na daktari yule hakusimama tena mwaka mzima.

Mimi nilisimama kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Nyangezi. Alikuwa amejifungua nyumbani, akatokwa na damu nyingi sana, akapona kwa shida. Baada ya hapo maziwa hayakutoka hata tone. Mtoto alilelewa na bibi yake kwa maziwa ya ng'ombe. Damu yake ya mwezi haikurudi. Nywele za makwapa zilipukutika. Alisikia baridi kwenye jua, akasema polepole kama mtu aliyelewa usingizi, na akiinuka haraka alianguka. Mume wake alikuwa amempeleka mjini kwa mtaalamu yuleyule, wakarudi na vitamini.

Nilimuuliza kuhusu kule kujifungua, nikakaa naye mpaka akamaliza kusimulia. Nikaona kwamba damu iliyomwagika iliacha kitezi kidogo kilicho chini ya ubongo kikiwa kimekufa, na kitezi hicho ndicho kinachoamrisha maziwa, mwezi, joto la mwili, hata nguvu ya kusimama. Vipimo hatukuwa navyo. Nilikuwa na maneno yake na mikono yangu. Nikaanza kumpa vidonge vya kotizoni.

Nilipoeleza hayo ukumbini, mtaalamu alitabasamu.

“Citoyenne docteur,” akasema, yaani raia daktari wa kike, “hiyo magonjwa iko mu vitabu. Mwanamuke huyo nilimuona mimi mwenyewe. Iko na mawazo mingi, ni kichwa tu. Wewe rudia kwako, upime minyoo.”

Walicheka. Hata wale wa Mumosho tuliogawana nao mkate asubuhi walicheka. Nikakusanya karatasi zangu, nikakaa.

Mwanamke alipata nafuu. Uso wake ulirudi, akaanza tena kulima, akaanza kupeleka mboga sokoni Nyawera na kugombana na wateja. Nilimweleza mtaalamu, kwa sababu hivyo ndivyo madaktari wanavyopaswa kufanya. Akaniambia nimletee dosie ya mgonjwa, faili la matibabu yake, atazame kwa ajili ya mafunzo. Nikampa.

Mwaka uliofuata walitangaza mkutano mkubwa, maprofesa kutoka ng'ambo wakiwa wageni. Programu ilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi. Niliisoma nikiwa nimesimama, mfuko wangu bado begani. Mtaalamu angetoa somo kuhusu ugonjwa wa kitezi baada ya kutokwa na damu, “mgonjwa niliyemgundua Kivu”. Mwenzangu wa Mumosho alisoma juu ya bega langu, akanitazama.

“Utasema na médecin directeur, mkubwa wa hospitali?” akauliza.

“Hapana,” nikamwambia. “Acha aongee.”

Sikutaka arekebishwe ofisini, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Alinivunja mbele ya watu. Nilitaka watu.

Nikamtafuta yule mwanamke, nikamkuta Nyawera amekaa nyuma ya mafungu yake ya lengalenga, ule mchicha wa kwetu. Nikamweleza yote bila kuficha: kwamba ugonjwa wake utasimuliwa mbele ya waganga wa hospitali, na anayeusimulia si mimi. Nikamwomba aje ukumbini, nikamwambia ana haki ya kukataa.

“Ni ule munganga aliambia bwana yangu kama niko na kichwa kibovu?”

“Ndiye, maman.”

Akafunga lengalenga zake kwenye kitenge. “Nitakuya,” akasema. “Nitavaa muzuri.”

Siku ya mkutano nilimwacha kwenye korido na muuguzi, nikaingia, nikakaa safu ya mbele. Mtaalamu aliongea vizuri. Alieleza makwapa, alieleza baridi, akatumia hata maneno yangu mwenyewe kuhusu usingizi. Wageni walikuwa wakiandika. Alipomaliza nikanyoosha mkono.

“Profesa, asante. Mgonjwa huyu ulimwanzishia dawa gani kwanza?”

Katika dosie niliyompa, karatasi ya dawa haikuwamo. Ilibaki hospitalini kwangu, mahali pake. Alisita kidogo tu.

“Dawa ya tezi ya shingo, bila shaka. Alikuwa na baridi, alisema polepole. Kotizoni ilikuya nyuma.”

Mmoja wa wageni, mzee mwenye miwani minene, aliweka kalamu chini. Kila aliyesoma ugonjwa ule anajua: ukianza na dawa ya tezi kabla ya kotizoni, unaweza kumuua mgonjwa.

“Na alipona?” mgeni akauliza.

“Alipona,” nikajibu mimi. “Yuko hapa.”

Nikaenda kufungua mlango. Aliingia amevaa kitenge kipya na kilemba kirefu, akatembea katikati ya viti bila kuharakisha. Mgeni akamwomba aeleze nani alimtibu. Akaninyooshea kidole. Kisha akaulizwa kama anamjua yule mtaalamu.

“Namujua,” akasema. “Ule papa munganga hakunigusa hata mukono. Aliongea na bwana yangu, mimi nilikuwa nimekaa palepale. Alisema niko naigiza.”

Hakuna aliyecheka. Mtaalamu alianza kupanga karatasi zake, zikaanguka, akainama kuziokota, na hakuna mtu aliyemsaidia. Nilimtazama mpaka akaokota ya mwisho. Ilikuwa tamu. Mpaka leo sijui neno lingine.

Hawakumfukuza, alikuwa na ndugu wenye vyeo Kinshasa. Lakini uongozi wa mafunzo walimnyang'anya, na baada ya muda wakanipa mimi. Jambo la kwanza nililofanya ni kuweka kanuni kwamba kila daktari, awe wa kijiji au mtaalamu, ataeleza wagonjwa wake kwa zamu, pamoja na wale aliokosea. Kanuni ilikuwa nzuri na ilitufundisha wengi. Lakini niliiandika nikimwona yeye. Zamu yake ilipofika nilimwacha asimame muda mrefu kabla ya kumwambia aanze.

Padri wangu aliniambia nimwombee. Nilimwombea maisha marefu, ili azidi kuja kila Jumamosi na kukaa kule nyuma.

Alikuja kweli. Siku moja, watu wakitoka, alinisogelea kwenye ngazi. Alikuwa amekonda.

“Docteur,” akasema. “Niko na mwanamuke mu salle ya wagonjwa, alizaa mwezi uliopita. Haamuki muzuri, presha iko chini. Nafikiri iko kama yule wako. Naogopa kukosea.”

Nilikuwa nimengoja siku hiyo. Jibu nililomwandalia lilikuwa tayari mdomoni, lilelile lake la minyoo.

“Kotizoni kwanza, ndani ya mshipa, sasa hivi,” nikamwambia. “Nakufuata.”

Nilikwenda kwa ajili ya mwanamke yule, na alipona. Tulisimama pande mbili za kitanda chake karibu mchana mzima, na mtaalamu sikumpa neno la minyoo wala la msamaha.