Wifi Alivyokaa Barazani Unguja

Safari ya Unguja ilipigiwa kura kwenye kikundi chetu cha wanawake wakulima wa kahawa, na mimi nilipiga kura ya hapana. Nilitaka twende Mbeya tukaone mashine za kukoboa. Wenzangu wakanicheka, wakasema katibu umezeeka kabla ya siku zako, watu tunataka kuoga maji ya chumvi. Basi nikaandika kwenye kitabu: Unguja, siku tatu. Ukatibu nilipewa kwa sababu nina hati nzuri, na hapa kwetu Litembo hati nzuri ni adhabu. Barua za kuomba uhamisho wa shule naandika mimi, mihtasari naandika mimi, na msiba ukitokea, wasifu wa marehemu nauandika na kuusoma makaburini mimi.

Aliyeishabikia safari kuliko wote alikuwa wifi yangu, mjane wa kaka, mtu ambaye sijawahi kumwona akishabikia kitu. Sababu tuliijua wote. Binti yake wa tatu yuko Unguja. Alikwenda kufanya kazi hotelini, akaolewa hukohuko na Mwislamu, akabadili dini, na hakuna mtu aliyekuja Litembo kupiga hodi na kuposa. Kaka akasema huyo si mtoto wake tena, na jina lile lisitajwe nyumbani kwake. Halikutajwa kwa miaka saba, na wifi hakuwahi kumpinga mumewe mbele za watu. Kaka alifariki mwaka juzi. Sasa wifi alikuwa anataka jambo moja tu, binti yake amkubali tena, amwone na mjukuu.

"Akinifukuza mlangoni, wifi, nitakufa njiani," aliniambia siku moja tukichambua kahawa. "Mnizike hukohuko."

"Nani atakupalilia kaburi Unguja?" nikamjibu. "Chambua kahawa."

Wifi ni mtu wa ziwani, wa Chiwanda, milimani aliolewa tu. Wiki moja kabla ya safari aliteremka hadi Mbamba Bay akanunua usipa mkavu, akajaza ndoo ya lita ishirini. Tukamtania sana. Unapeleka samaki baharini? Akasema mwanawe alikua kwa usipa, hao samaki wa baharini ni wageni tu kwake. Ndoo ile ilinuka kutoka Mbinga mpaka Dar es Salaam, na ndani ya boti watalii wawili walihama viti. Wifi alikaa ameipakata, hana habari nao.

Ya mjini nitayasema haraka maana kila aendaye huko huyasema. Tuliona milango iliyochongwa, vichochoro, na kobe wakubwa kwenye kisiwa chao. Kobe ni kobe. Mwenzetu mmoja, naye wa ziwani, aliingia baharini na kitenge chake, akateka maji kwa kiganja akanywa kama wafanyavyo kwao. Aliyatema kwa kelele pwani nzima ikageuka. Mpaka leo akipita, watu humwuliza kama ana kiu.

Siku ya pili asubuhi wifi alimpigia binti yake simu. Alijibiwa neno moja, "Njooni," simu ikakatwa. Tukaenda wawili, mimi na wifi, na ndoo, mpaka Kikwajuni. Nyumba ilikuwa ya kawaida, ina baraza ya saruji mbele. Mama wa mume wa binti alitoka mikono imekunjuliwa, karibuni, karibuni ndani, mbona mmechelewa. Binti alisimama nyuma yake. Alisema, "Shikamoo mama, shikamoo shangazi," akapokea ndoo, akaingia nayo jikoni. Hakutukumbatia.

Kisha akatoka mumewe, seremala, mrefu, mpole wa sauti. "Shikamoo mama," akasema. Wifi akavuta khanga mpaka puani, akageuka kutazama ukuta, akaketi pale barazani.

Niseme hapa mila yetu ilivyo, maana pale hakuna aliyeisema. Kwetu mama mzazi hatazamani na mkwewe wa kiume, haingii kwake wala hali chakula chake mpaka afunguliwe. Mkwe hununua jembe jipya, humkabidhi shangazi wa binti, shangazi humpa mama, yamekwisha. Mama akila kabla ya hapo amesema mbele ya watu kwamba binti yake hana kwao. Kwa hiyo wifi kukaa juani pale ilikuwa ni heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Lakini Kikwajuni nani angejua?

Ndani mkeka ulishatandikwa. Palikuwa na sinia la pilau na bakuli la kachumbari, na kutoka jikoni ikaanza kuja harufu ya usipa wanaokaangwa na nyanya. Mama mwenye nyumba alimwita wifi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne sauti ilikuwa imebadilika.

"Kwani chakula cha Waislamu hakiliki? Mie nimeamka alfajiri kwa ajili yake."

Nikamtazama binti. Alikuwa amerudi, amekaa, anamlisha mtoto wake, kasichana ka miaka minne hivi. Mila ile anaijua. Dada zake wawili walipoolewa yeye ndiye aliyeyabeba hayo majembe kichwani kutoka kwangu hadi kwa mama yake. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na hakuyasema. Alimwacha mama yake aonekane mwenye dharau. Nilikasirika, sitaficha, nikasema moyoni kweli huyu ni mtoto wa kaka.

Ikabidi nieleze mimi. Yule seremala alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jembe tu, shangazi?"

"Jembe tu."

"Sasa si mngesema!" Akavaa viatu, akaenda zake sokoni Darajani.

Alipotoka tu, binti akaweka kijiko chini. "Shangazi," akasema, "baba ameacha watoto wangapi?"

Nilijua palepale anachokiuliza. Nilitazama sinia.

"Mdogo wangu alirekodi mazishi akanitumia," akasema. "Sauti yako naijua. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu. Watano, shangazi. Hata kukwama hukukwama."

"Baba yako ndivyo alivyotaka," nikasema.

"Baba alikuwa ameshakufa."

Jamani, nimesoma wasifu wa watu wengi. Nimewasifu walevi kwa ucheshi wao na wachoyo kwa kubana matumizi, na jioni nikala ugali wa msiba nikalala. Kaka alikuwa ameniambia niandike watano, nikaandika watano kwa hati nzuri, nikaona nimefanya kazi yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba aliyeachwa nje ya karatasi naye ana masikio. Niliona aibu, aibu ya kweli, mbele ya yule mama mwenye nyumba aliyekuwa ameshika upawa hajui aupeleke wapi.

"Na mama alikuwa amekaa pale mbele," binti akaendelea. "Naye alisikia. Akanyamaza."

"Sita!"

Sauti ilitoka barazani. Tuligeuka wote. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, khanga imemwangukia mabegani, mvi zote nje.

"Nimezaa sita! Mimi ndiye niliyewazaa, nawajua! Nilinyamaza, ndiyo, nilinyamaza kama mjinga. Lakini nimezaa sita!"

Akaingia. Hakuna jembe, hakuna kufunguliwa, viatu mguuni. Alipita katikati ya ile nyumba ya mkwewe mpaka kwenye mkeka, akaketi ubavuni mwa binti yake, akanyoosha mkono kwenye sahani ya usipa huku machozi yanamtiririka.

Binti akamshika ule mkono kabla haujafika.

Nilifikiri ndio basi, sasa anamfukuza.

"Nawa kwanza, mama," akasema.

Akaleta beseni na birika, akapiga magoti, akammiminia maji mkono mmoja, kisha wa pili, polepole, akaisugua mpaka kucha. Alichukua muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawisha mtu. Kisha akamsogezea sahani, na mtoto akapandishwa mapajani mwa bibi yake.

Seremala aliporudi, amelishika jembe lisilo na mpini limefungwa kwenye gazeti, alimkuta mama mkwe wake mdomo umejaa. Wifi akavuta khanga, akageukia ukuta, akaendelea kutafuna. Yule mama mwenye nyumba alicheka hadi akajishika mbavu. Jembe nililipokea mimi, kama inavyotakiwa, na kulikabidhi mgongoni kwa mtu anayekula.

Wifi amelitia mpini na analimia ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, za maharage. Lakini tukiwa bado botini, wenzetu wakitapika kulia na kushoto, aliniinamia sikioni akasema kuna kitu ninachodaiwa, na nikifika nyumbani nikiandike. Sikuuliza ni kitu gani.

Misa ya kumbukumbu ya kaka ilipofika, tulikwenda kaburini na nikausoma wasifu upya. Nilipofika kwenye watoto nikasema sita. Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja, rafiki mkubwa wa marehemu, akainua fimbo.

"Katibu, umekosea. Ni watano."

Nikarudi juu ya karatasi, nikaisoma tena sentensi ile kwa sauti kubwa zaidi: ameacha mjane na watoto sita. Mbele yangu wifi alikuwa ameinua simu kwa mikono miwili, anarekodi.