Fataki za Bwawa la Lindaura

Gari lilikuwa limeacha lami zamani, na Lindaura, aliyebanwa nyuma kati ya magunia ya pumba na mbuzi wa watu, hakujua yuko wapi. Jicho moja lilifunikwa bandeji. La pili lilikuwa bado linaogopa mwanga. Lakini tatizo halikuwa macho. Alipoondoka kwenda Fortaleza kwa binti yake, kufanyiwa upasuaji, aliiacha nchi ya kijivu, miiba mitupu na vumbi. Sasa majani yamefunika kila kitu hadi mawe, na vijito vinakatiza barabara mahali ambapo hakumbuki kama palipata kuwa na kijito.

“Dereva, hapa ni wapi?” aliuliza, akigonga bati.

“Ni kwako, Bi Lindaura! Wamekutoa jicho au wamekutoa akili?”

Abiria wakacheka, naye akacheka.

“Bwawa lako limejaa pomoni,” dereva akaendelea kupiga kelele. “Wanakusubiri wewe tu lianze kutoka damu!”

Huku kwetu, katika nyika ya Ceará, bwawa likijaa mpaka maji ya ziada yakaanza kupita kwenye mfereji wa pembeni, tunasema linatoka damu, na hatuna neno la furaha kulishinda hilo. Siku hiyo hakuna afanyaye kazi. Wakubwa kwa wadogo hukaa na nguo zao chini ya mfereji, maji yawapige mgongo. Mwenye bwawa hurusha fataki ili walio mbali nao wajue. Na wanaume wanaokaa bondeni, wakizisikia, huchukua nyavu za mkono na kushuka kijitoni, maana maji ya kwanza huja na samaki.

Bwawa hili lilijengwa na baba yake Lindaura. Udongo wa tuta linalozuia maji aliuburuta kwa punda juu ya ngozi kavu za ng’ombe, msimu baada ya msimu, mpaka mgongo wake ukapinda. Alipokufa, Herminio, mtoto wa kiume, alichukua shamba la chini, kando ya kijito. Lindaura, mkubwa, akachukua bwawa. Jumapili watu walikuja kuogelea na kujirusha kutoka kwenye jabali, na Jurandir, mwenye kibanda juu ya tuta, aliwauzia bia na perege wa kukaanga kwa muhogo. Kisha ukaja ukame mrefu, bwawa likapasuka kama kisigino, tukanywa maji ya lori. Mvua mbili tatu ziliporudisha maji nusu, Lindaura alinunua vifaranga wa perege, na kwenye mdomo wa mfereji akafunga wavu wa waya, ili samaki wasije wakamtoroka siku bwawa litakapojaa. Kila mwenye bwawa huku alifanya hivyo.

Siku ile aliposhushwa kwenye tuta, watu walikuwa wamejaa. Muziki ulikuwa unapigwa kibandani, vijana wanaelea juu ya matairi ya trekta.

“Mama wa maji amefika!” Jurandir alimlaki. “Njoo uliseme bwawa lako. Limejaa hadi kooni lakini linatuonea haya, halitoki.”

“Lipe pombe kidogo!” mwanamke mmoja akadakia kutoka majini. “Mume wangu naye ndivyo alivyo!”

Lindaura alikwenda kuangalia. Magugu maji yote ya bwawa yalikuwa yamesukumwa na upepo hadi kwenye wavu, yakashikamana, yakawa mazito kama godoro. Nyuma yake maji yalisimama. Upande wa pili, mferejini, kulikuwa na michirizi tu, kama ya mtu anayenawa vidole. Akatazama jiwe ambalo baba yake alizoea kupimia kina, asilione. Lilikuwa limezama. Baba hakupata kuwa na maji mengi kiasi hiki maishani mwake. Lindaura moyo ukamjaa fahari.

“Tukate wavu?” Jurandir aliuliza.

“Na samaki wangu?”

“Si watakwenda na maji?”

“Na maji yenyewe je? Miaka yote ile nimekunywa maji ya lori, yananuka dizeli, leo nimwage haya?”

Jurandir akarudi kibandani kwake. Hakuna mtu wa huku ambaye angeyamwaga.

Palikuwa na mahali tuta limebonyea, pikipiki na ng’ombe wanapokatiza, na maji yalikuwa yameanza kulamba pale. Lindaura alisema wapange viroba vya mchanga. Wanaume wakafanya mchezo, wakirushiana viroba, wakipokezana chupa ya kashasa, pombe yetu ya miwa. Kazi ikaisha, maji yakazuilika, wakashangilia.

Kisha mwanamke aliyekuwa ananawa miguu nyuma ya tuta, upande wa chini, akaita: “Jamani, mbona huku kunatoka maji ya tope?”

Lindaura aliteremka akishikilia vichaka. Tuta lilikuwa linavuja tangu zamani, kama matuta yote ya udongo; lakini yale maji siku zote yalikuwa meupe, hata ungeweza kuyanywa. Haya yalikuwa mekundu. Yalikuwa yanatoka na udongo wa tuta lenyewe.

“Kateni wavu!” alipiga kelele kabla hajafika juu. “Jurandir! Kata, kata!”

Jurandir aliingia na panga, kamba kiunoni. Lakini lile godoro lilikuwa limeugandamiza wavu kwenye zege, na mahali alipoufungua kidogo maji yalimvuta mguu. Wakamtoa kwa kamba, amekwaruzika kifua kizima.

“Haukatiki, Bi Lindaura. Utanimeza.”

“Basi tokeni! Tokeni majini, tokeni juu ya tuta, wote!”

“Ameenda mjini kutibiwa jicho, amerudi padri!” kijana mmoja alisema juu ya tairi lake, na wenzake wakacheka. Lindaura akaokota mawe, akaanza kuwapiga nayo. La kwanza lilimpata mmoja begani. Hapo ndipo walipotoka, wakitukana.

Aliyebaki ni mdogo wake Herminio, kule chini bondeni. Simu bondeni hazishiki mtandao, na njia ya pikipiki inazunguka mlima. Alimtuma Jurandir akazunguke hivyo hivyo, kifua kikichuruzika damu. Kisha akasikiliza mlio wa pikipiki unavyofifia, akajua hautatosha. Alitaka kitu cha haraka kuliko pikipiki. Fataki zilikuwa kibandani, zimenunuliwa kwa ajili ya sherehe.

“Rusheni!” akasema. “Rusheni zote!”

Zikapaa, zikapasuka, mlima ukazirudisha. Lindaura alisimama akitazama bonde kwa jicho lake moja. Mawazoni alimwona mdogo wake anatoka mlangoni, anainua uso, anaona watu wanakimbilia mlimani, anaelewa.

Mwanamke aliyeona maji ya tope alimshika mkono. “Lakini Bi Lindaura,” alisema polepole, “si atadhani...”

Hakumaliza. Fataki ya mwisho ilikuwa imekwisha kupasuka.

Tuta halikupiga kishindo. Viroba vilizama kwanza, taratibu, kama watu wanaokaa chini. Kisha pale pote pakaondoka, na maji yote aliyokuwa ameyaonea fahari yakaenda.

Jurandir alifika bondeni akamkuta Zenilda, mke wa Herminio, mlangoni kwake. Maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti, yakapinda, yakashuka. Nyumba ilikuwa imesimama. Kuku walikuwa juu ya paa.

“Mumeo yuko wapi?”

Zenilda alinyoosha kidole kuelekea kijitoni. “Ameshuka na wavu wake,” alisema.

Tulimpata kwenye senyenge ya jirani, kamba ya wavu bado imefungwa kwenye kifundo cha mkono.

Hakuna aliyemlaumu Lindaura, angalau si mbele yake. Watu waliokuwa juu ya tuta siku ile walimletea kuku na sukari guru, kwa sababu aliwatoa majini. Hata yule kijana wa tairi alikuja, akavua kofia. Injinia wa serikali alikuja pia, akaupiga picha wavu, akauliza nani alimruhusu Lindaura kuufunga. Aliambiwa hakuna. Baada ya hapo baadhi ya wenye mabwawa walikwenda wakazing’oa nyavu zao. Wengine waliziacha. Wana samaki.

Jumapili watu walihamia bwawa lingine. Jurandir alihamisha kibanda, ila kabla ya kwenda alimwuliza Lindaura kama atalijenga upya tuta. Walimwuliza wengi, kwa upole, kwa sababu ng’ombe wanahitaji maji. Alikuwa anajibu, “Tutaona.” Kisha akagawa mbuzi wake, akafunga mlango, na akaja barabarani kusubiri basi la Fortaleza.

Tulikuwa pale wengi, tumemsindikiza. Zenilda alikuja mwisho, kwa miguu, amevaa nyeusi. Tukawapisha.

“Sikuja kukuaga, wifi,” Zenilda alisema. “Nina kitu cha kukwambia, uende nacho.”

“Sema.”

“Alipozisikia alisema, ‘Dada amerudi.’ Alikuwa anakula. Nikamwambia amalize kwanza, akasema samaki hawasubiri. Akatoka anakimbia, mtu mzima yule, anacheka peke yake.”

Lindaura aligeukia barabara. Basi lilikuwa linaonekana, linashuka mteremko.

“Mimi nilitaka atoke bondeni,” alisema hatimaye.

“Najua.”

“Sasa unaniambia hili ili iweje?”

“Ili nisibaki nalo peke yangu.”

Kondakta alipakia sanduku. Lindaura alipanda bila kumkumbatia mtu, akaenda kukaa upande wa pili, ambako hakuweza kutuona. Basi likaondoka. Zenilda alisimama nasi kidogo, akauliza kama kuna anayekwenda upande wa bondeni, na wawili watatu tukasema tutakwenda naye.