Chombo kilichofukizwa udi: nilivyopima joto la chumba cha bibi, Mji wa Kale

Wakuu, nawasalimu nyote, wa pwani na wa bara.

Juzi kuna uzi humu watu walibishana kama nyumba za mawe za Mji wa Kale, Mombasa, zina ubaridi kweli au ni sifa tu. Nilisoma nikajizuia. Leo nimeshindwa. Nina kisa changu mwenyewe, na pale ambapo kumbukumbu imenitoka nitasema imenitoka, sitajaza kwa uongo.

Ni miaka ya sitini. Uhuru umeshapatikana, mimi ni kijana niliyesomea ujenzi, nikapata nafasi ya kwenda Uingereza kusoma digrii ya pili.

Fani yenyewe wakati ule hata jina lake halijatulia. Kwa ufupi ilikuwa ni hivi: nyumba ikishajengwa, je, inafanya kazi? Inapoa? Inapitisha hewa? Ukuta unanyonya maji au unayatema? Hatukuangalia uzuri wa nyumba. Tuliangalia tabia yake.

Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza, na sikuwa na breki. Profesa akisema nyumba nzito za mawe hazifai nchi za joto na unyevu, namuuliza, "Umewahi kulala ndani ya moja?" Nikiwa nyumbani, wazee wakisema mababu walijua kujenga, nawauliza, "Mmepima?"

Kwa hiyo nilikuwa sipendwi huku wala kule.

Mwisho profesa alichoka. Akasema, basi nenda ukapime. Nikarudi Mombasa kwa fieldwork na masanduku mawili ya vyombo.

Nikafikia kwa bibi, mama yake baba, katika mitaa ya nyuma ya Ngome ya Yesu. Nyumba ya ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtu hukaa dirishani kama amekaa kitini. Dari ni boriti za mikoko. Chumba cha bibi kilikuwa ndani kabisa, kina mlango mmoja na hakina dirisha.

Na nyumbani nikakuta vita vya chini kwa chini.

Ami Hamadi, mwana mkubwa wa bibi, karani wa ghala moja Shimanzi, alikuwa amejenga nyumba mpya mtaa wa Tudor, nje ya Mji wa Kale. Matofali ya simiti, mabati juu, madirisha makubwa. Bibi alikuwa na pumu. Ami alitaka ahame, nyumba ya zamani ifungwe.

"Mama, chumba hiki ni tanuri," akasema.

"Tanuri?" bibi akajibu. "Na mkate u wapi?"

Wakanigeukia mimi. Msomi wa joto amefika, na aamue. Nikasema siamui kitu, nitapima. Ami akalipenda hilo. "Vyema. Chombo kikisema chumba ni cha moto, mama yuwahamia Tudor. Kikisema sivyo, sitafungua mdomo tena."

Bibi akasema, "Chombo na kiseme."

Nilikuja kuandika tasnifu, sasa nimekuwa kadhi.

Sasa nieleze chombo, maana kisa chote kiko hapo.

Ni kisanduku chenye mtungi mdogo unaozungushwa na saa ya ndani, umevikwa karatasi. Kalamu mbili zinachora zenyewe, moja mstari wa joto, nyingine mstari wa unyevu. Mtungi ukimaliza mzunguko, wiki imekwisha, unabadilisha karatasi. Na ule wa unyevu unaendeshwa na nywele. Nywele za binadamu hasa, kwa sababu unywele hurefuka hewa ikiwa na maji na hufupika ikikauka. Watengenezaji walipenda nywele za rangi ya dhahabu, za wanawake wa kizungu.

Nilikiweka kwenye kidaka, ile rafu iliyochimbwa ukutani, chumbani kwa bibi. Akakitazama kwa makini.

"Hizo ni nyuzi?"

"Nywele, bibi."

"Za nani?"

"Za mwanamke wa Ulaya. Simjui."

"Amekufa?"

"Sidhani. Alikatwa tu."

"Maskini," bibi akasema. "Ana mume?"

Nikamwambia sijui kama ana mume. Mazungumzo yakaishia hapo, mimi nikasahau. Wiki zilizofuata niliona kila mara chombo kimefunikwa kwa leso Ami anapoingia. Nilidhani ni kwa ajili ya vumbi. Nikamwomba bibi asikifunike, akasema sawa, na Ami akija tena nakuta leso.

Ami alikuwa na desturi ya kuja kula kwa mama yake kila Ijumaa baada ya sala. Ijumaa ya kwanza alikula haraka haraka, akanawa, akaingia chumbani. Akafunua leso.

Mstari wa joto ulikuwa umetulia tangu mwanzo wa wiki, unapanda na kushuka taratibu. Halafu ghafla, jioni ya jana yake, umesimama wima kama mnazi.

"Hiki nini?"

"Ni joto," nikasema.

"Jioni?"

"Jioni."

"Si nilisema? Kuta hizi zameza jua mchana kutwa, jioni zamtapikia mama yangu."

Na wakuu, ubaya ni kwamba alichosema kinaingia akilini. Ndivyo profesa wangu alivyosema pia. Ukuta mnene huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa.

Bibi hakubisha. Alikwenda kwenye sanduku lake la mbao akaanza kukunja leso zake, moja baada ya moja, kwa utulivu kabisa. Nikamwambia, bibi, ngoja, wiki moja si kitu. Akasema, "Nilisema chombo kiseme. Kimesema."

Sijawahi kuchukia chombo kama siku ile.

Nikamwomba Ami subira. Ijumaa ya pili, mnazi mwingine. Jioni ya Alhamisi tena. Siku nyingine zote hakuna kitu.

Sasa hapo ndipo tabia yangu mbaya ya kuuliza ilipofaa. Kama ni ukuta unaotema joto la jua, mbona Jumatatu hautemi? Mbona Jumatano umenyamaza? Jua halijui Alhamisi.

Mimi Alhamisi jioni sikuwa nikikaa nyumbani. Siku hiyo wanawake wa mtaa walikuja kwa bibi kusoma uradi, zile dua na dhikri za mkesha wa Ijumaa, na mwanamume hana kazi pale. Nilikuwa nikitoka baada ya alasiri, narudi wameshaondoka.

Nikamkalisha bibi.

"Alhamisi mkishasoma, mwafanya nini?"

"Twanywa kahawa."

"Halafu?"

"Halafu twajifukiza, kila mtu yuwenda kwake. Kwani wewe ni mgeni wa mji huu?"

Ndugu wa bara, nieleze: chetezo ni kile chombo cha makaa cha kufukizia udi. Wageni wa kike wakikaribia kuondoka, chetezo hupitishwa kwa kila mmoja, anaingiza moshi kwenye nguo na kwenye nywele. Kumruka mgeni ni aibu kubwa.

"Mwajifukiza wapi, bibi?"

"Hapa hapa. Mmoja mmoja. Na huyu wako pia."

"Huyu wangu yupi?"

Akaonyesha kidaka kwa kidevu. "Huyu mwenye nywele. Nimfukize jirani yangu Zena, niwafukize wote, yeye nimruke? Amekaa kwangu, ni mgeni. Tena yeye namwekea chetezo juu ya kigoda chini yake, kwa kuwa hawezi kuinama."

Na leso? Leso ilikuwa kumsitiri. Hamadi ni mwanamume, yuwaingia chumbani, na mwanamke wa watu nywele ziko wazi.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Bibi alicheka pia, lakini kwa sababu nilicheka mimi. Yeye hakuona kichekesho chochote. Alikuwa amemkirimu hakimu wake kwa makaa, na hakimu akamhukumu.

Ami nilipomweleza alivua kofia akajipepea nayo. "Kwa hivyo mama amejitia moto mwenyewe."

Bibi akauliza, "Basi nimeshinda?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimewauliza watu wote maswali yao, singeweza kuliruka langu. Nikasema bado. Nikamwomba bibi Alhamisi yule "mgeni" apewe marashi kwa mbali tu, na leso aiache. Kisha nikatoa chombo cha pili sandukuni, nikakiweka nyumbani kwa Ami Tudor, tulinganishe.

Matokeo yalimuudhi kila mtu.

Mchana chumba cha bibi kilikuwa na ubaridi, cha Tudor chini ya mabati kilichemka. Ami akatazama ukuta. Lakini jua likishatua, Tudor ilipoa upesi, na chumba cha bibi kikabaki na joto lake lile lile hadi alfajiri. Hewa imesimama. Na pumu ilimshika bibi saa hizo hizo.

"Basi mchana akae hapa, usiku alale Tudor," Ami akasema.

"Kama popo," bibi akasema.

Hapakuwa na kosa ukutani. Kosa lilikuwa kwamba joto halina pa kutokea. Chumba kilihitaji tundu juu kabisa, chini ya boriti, upande wa nyuma, hewa ya moto itoke na ya mlangoni iingie. Kitabuni ni mstari mmoja.

Mji wa Kale si mstari mmoja. Upande wa nyuma ulitazama uani kwa Bi Zena, jirani yetu, mjane, na uani kwake ndipo mabinti zake walipokaa kichwa wazi. Kutoboa ukuta unaotazama uani kwa watu bila idhini, afadhali ubomoe msikiti.

Ami akaniwekea sharti: joto la msimu wa kaskazi likianza na chumba bado ni kile kile, mama anahama. Bibi akakubali. Yote yakabaki mikononi mwa Bi Zena.

Bibi akasema, "Njoo Alhamisi, umwambie mwenyewe."

Nikasimama ukumbini, nyuma ya pazia. Ndani kumejaa wanawake wa mtaa mzima. Mimi sioni mtu, naona kitambaa cha maua. Wakuu, baadaye nilikuja kufanya mtihani wa mdomo Uingereza mbele ya maprofesa watatu, na haukunitoa jasho kama pazia lile.

"Masalkheri."

"Masalkheri, mwanangu," wakajibu. Mmoja akasema, "Sauti imekonda. Huko Ulaya hawampi kula?" Wakacheka.

Nikaanza kueleza. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda, ikipata njia hutoka. Sauti ya Bi Zena ikanikata.

"Mwanangu, tundu ni tundu. Leo la hewa, kesho la jicho."

Nikasema litakuwa chini ya boriti, mtu akisimama wima hafikii, na litawekwa mbao zilizolala kwa mshazari kuelekea juu. Atakayechungulia ataona mbingu tu.

"Na mjusi?" mmoja akauliza.

"Mjusi ataona," nikakiri.

"Mjusi dume au jike?"

Kicheko kikanizima kabisa. Kilipotulia nikamsikia bibi, taratibu, kama anayezungumza peke yake:

"Zena. Nikihamia Tudor, Alhamisi mtasoma wapi?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye sinia.

"Kwa sharti," Bi Zena akasema. "Likitobolewa, nitapanda kitandani kwako mimi mwenyewe nitazame. Nikiiona hata ndoo yangu, lazibwa siku ile ile."

Likatobolewa. Bi Zena akaja, akapanda kitandani, akaomba kigoda, akapanda na juu ya kigoda. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia tena. Akatazama muda mrefu.

"Naona mbingu," akasema. "Na ncha ya mpapai wangu."

"Mpapai hauna haya," bibi akamjibu. "Shuka usinivunjie kitanda."

Sitawadanganya kwamba chumba kiligeuka barafu. Mstari wa usiku ulishuka, ila haukufika chini kama wa Tudor. Lakini hewa ilitembea, na bibi akaanza kulala mpaka adhana. Kaskazi ikaja, akabaki.

Ami alisimama chini ya lile tundu, kiganja juu, anaonja hewa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilitaka awe karibu nami, basi."

"Tudor ni mbali kwangu," bibi akasema. "Wewe una baiskeli."

Akawa anakuja na Jumatatu pia.

Nilirudi Uingereza kuandika. Profesa alisoma, akaniambia nifute zile wiki mbili za mwanzo, ni data mbovu. Nikamuuliza, mbovu kwa nini? Chumba kilipata joto kweli, kilikuwa na wageni. Tulibishana, zikabaki kwenye tanbihi.

Siku niliyofungua sanduku la vyombo, maabara nzima ilinuka udi. Wenzangu wakaacha kazi wakanusa. Profesa akainama juu ya chombo, karibu na zile nywele, akauliza ni nini. Nikamwambia, huyu alikuwa mgeni kwa bibi yangu.

Nilichojifunza mimi: ukiona kipimo kimeruka, kabla hujalaumu ukuta, uliza siku hiyo nani alikuja. Na nyumba za mawe? Mchana ni kweli, usiku inategemea nani jirani yako na mnaelewanaje.

Bado sipendi kukubali vitu kirahisi, kwa hiyo nipingeni. Wenye nyumba za mawe Lamu, Unguja, popote: chumba chenu kina joto zaidi saa ngapi, na saa hizo huwa mnafanya nini humo ndani? Semeni.