Ndizi za Kununulia Madawati

Juzi shule ya mwanangu ilituomba wazazi tuchangie madawati moja kwa moja, watoto wasiuze kitu. Nilitoa, kisha nikamwonea mwanangu wivu, kama nilivyomwonea Koku tuliyesoma naye.

Enzi zetu wanafunzi tuliagizwa kuuza vitu ili shule inunue madawati. Baba yake Koku alimpa mwalimu mchango, naye Koku akabaki uwanjani akicheza rede. Mimi nilizunguka kijiji chetu cha Kamuli na beseni la ndizi mbivu, nyuki wakinifuata. Nani angenunua, wakati kila nyumba ina migomba? Niliamini baba yangu hanipendi.

Jioni, karibu na uwanja, nikamkuta mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, muuzaji. Nipe zote."

Akalipa, akajitwisha ndizi alizozivundika mwenyewe. Sikumshukuru. Nilikuwa bado namtazama Koku.