Hongera za Shangazi Geertje

Rutger alikuwa mtu wa kompyuta katika mji mdogo mashariki mwa Uholanzi. Kwa miaka kadhaa yeye na rafiki yake Wietske, aliyekuwa daktari, walijenga jukwaa la wazi mtandaoni. Madaktari waliweka humo vikokotoo vyao vya hatari za magonjwa, na yeyote aliweza kuvitumia bure. Wietske alitaka mtu asome kwanza maelezo ya maana ya namba, ndipo aone jibu. Rutger alikataa katakata. "Tumesema wazi, basi iwe wazi."

Jumamosi moja shangazi yake Rutger, Geertje, alitimiza miaka sabini. Wageni waliingia na, kwa desturi ya huko, wakampa mkono na kumpongeza kila aliyeketi kwenye duara la viti, si mwenye siku tu: hongera, hongera kwa mama yako, hongera kwa jirani yako. Ikaja kahawa, na keki, kipande kimoja kwa kila mtu.

"Hivi kazi yako hasa ni nini?" aliuliza Harm, mwana wa shangazi. "Mama anadhani unatengeneza simu."

"Ngoja niwaonyeshe." Rutger akatoa simu yake. "Shangazi, presha yako ngapi?"

Shangazi alijibu huku akicheka. Alipoulizwa kuhusu sigara akanong'ona, "Moja moja. Harm asisikie."

"Nimesikia, mama."

Watu wakaangua kicheko. Rutger akabonyeza na kusoma kwa sauti, kwa majivuno: "Kupata shida ya moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi, asilimia thelathini na nane!"

Vijiko vikatulia.

"Maana yake?" shangazi aliuliza.

"Katika watu mia kama wewe, thelathini na wanane..."

"Na mimi ni yupi?"

Uso wa Rutger ukawaka moto. Maelezo yalikuwapo, chini kabisa ya ukurasa, pale alipoyaweka mwenyewe.

Harm akainuka, akamwondolea mama yake sahani ya keki mkononi.

"Harm! Ni siku yangu ya kuzaliwa."

"Nataka uione na nyingine."

Wageni waliondoka mapema. Hakuna aliyerudia hongera; kila mmoja alisema, "Jitunze, Geertje."

Rutger alibaki wa mwisho mlangoni, macho chini. "Nisamehe, shangazi. Nimekuaibisha mbele ya watu."

Shangazi akamkabidhi kipande cha keki kilichofungwa. "Kipelekee kikokotoo chako. Mimi nimekatazwa."

Hakucheka.

Njiani Rutger alisimamisha baiskeli, akampigia Wietske simu. "Yale maelezo. Tuyatangulize."

"Heh! Nani amekushinda hatimaye?"

Rutger akaitazama keki kikapuni.

"Shangazi yangu," akasema.