Siku Yoyote Isipokuwa Jumamosi

Ofisi niliianzisha mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu ukiuliza mjini Kisii leo, watu watakutajia mwingine. Nilikodi chumba nyuma ya duka la vitambaa, nikaweka meza, simu na benchi moja refu, nikabandika karatasi mlangoni: Hapa tunawatafutia kazi watu wenye ulemavu. Mimi mwenyewe natembea kwa magongo tangu utotoni, na nilikuwa nimechoka kuambiwa na mtu ambaye hata barua yangu hajaifungua kwamba nafasi zimejaa.

Mwaka ule wa kwanza nilizunguka duka hadi duka. Mwenye bekari moja kule Masimba aliniona mlangoni na hakusubiri nifungue mdomo. Alinipa mkate mzima, akanitakia baraka. Nilikuwa nimeenda kuwaombea viziwi wawili kazi ya kukanda unga, nikarudi na mkate. Niliula wote kwa hasira.

Kisha akaja yeye, binti asiyeona, mtoto wa wakulima wa chai kutoka Ikonge. Alikuja kutafuta kazi kama wengine. Nikamwambia akae kwenye simu kwa muda, hadi nimpatie kazi ya maana. Wema wangu huo niliujutia baadaye.

Akishika simu anasema "Bwakire buya," salamu ya asubuhi kwa Ekegusii, lugha yetu, na mtu wa upande wa pili anaanza kucheka kabla hajajua anachochekea. Sauti ya mtu akiisikia mara moja haisahau. Miezi sita baadaye atamuuliza mtu huyo kama ng'ombe wake alizaa salama. Siku moja alimpigia yule mwenye bekari. Hawakumaliza dakika kumi, viziwi wangu wote wawili wakapata kazi. Nilipoenda Masimba kushukuru, mwenye bekari alifurahi sana.

"Huyo binti anaongea vizuri mono, vizuri sana," akasema. "Na wewe, mama, unamfanyia kazi?"

Roho iliniuma, sitaficha. Wazazi wakileta ndizi za shukrani, waliziweka mbele yake. Wenye maduka wakipiga simu, nikipokea mimi waliuliza, "Yule wa sauti hayuko?" Nilikuwa nacheka nao huku nimekunja vidole chini ya meza. Nilimwonea wivu mtu niliyemketisha mwenyewe kwenye kiti.

Mapumziko yangu yalikuwa Jumamosi. Yeye ni Msabato. Mimi ni Mkatoliki. Ijumaa saa tisa alikuwa anafunga mkoba wake ili afike kwao kabla jua halijazama, na Sabato hata simu yake mwenyewe hashiki. Siku hiyo ofisi ilirudi kuwa yangu, na niliipenda kuliko siku zote.

Jumamosi moja simu ililia, nikaipokea. Kilikuwa kituo cha redio ambacho nilikuwa nimekiandikia barua mbili, nikiomba tuwe na kipindi cha kila wiki juu ya ajira za watu wetu. Nilikwisha kujizoeza mbele ya kioo namna nitakavyowasalimu wasikilizaji. Mtayarishaji wa vipindi akasema wazo wamelipenda.

"Sasa yule msichana wenu wa simu, tunataka kusikia sauti yake. Aje Ijumaa ama Jumamosi, saa nne asubuhi. Gani itamfaa?"

"Jumamosi," nikasema. Sikusita hata kidogo.

Jumatatu nikamwambia kwamba redio inamtaka Jumamosi. Uso wake uling'aa, kisha ukazima.

"Hawana siku ingine, dada?"

"Ndiyo siku tuliyopatana."

"Basi. Mungu ataleta ingine."

Jumamosi nikavaa sketi yangu ya kanisani, nikaenda mimi. Wakaniketisha mbele ya maikrofoni, nikasoma karatasi waliyonipa, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii. Mtayarishaji alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Sauti yako ni nzito, mama," akasema. "Ingetufaa kwa matangazo ya vifo. Na yule msichana?"

"Ni Msabato. Leo hawezi."

Akashangaa. "Lakini si tuliwapa na Ijumaa?"

Nikaokota magongo yangu, nikamwambia nina haraka.

Jumatatu asubuhi simu ya ofisi ililia mapema, na aliyeishika ni yeye. Nilisikia upande wake tu. "Ijumaa?" Akasikiliza. "Hapana, sikuambiwa." Akahamishia simu sikio la pili. "Ndiyo, Ijumaa hii nitakuja." Akakata. Nilitamani apige kelele, anitukane, aitupe simu ukutani, ili nami nipate la kujibu.

"Dada, kulikuwa na Ijumaa?"

"Kulikuwa."

Aliipangusa simu kwa kona ya leso yake, akairudisha pale pale. Ilipolia tena alisema "Bwakire buya" kwa sauti ile ile ya kila siku.

Kipindi kilikuwa chake tangu Ijumaa ile alipokwenda kusikilizwa. Kila Alhamisi anatangaza, halafu anarudi ofisini kuendelea na simu. Hajamwambia mtu yeyote nilichomfanyia. Ningejua, kwa maana huku kwetu maneno hayalali. Mwisho wa kipindi huwaelekeza wasikilizaji: nyuma ya duka la vitambaa, mlango wa tatu. "Ofisi ni ya dada yangu, ndiye aliyeianzisha," husema, na mimi niliyetegea redio sikio pale mezani nashusha pumzi. Kisha humalizia: "Njooni siku yoyote, isipokuwa Jumamosi."

Wasikilizaji wanajua ni Msabato, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, na wanamtii. Mimi Jumamosi bado nafungua, naye anajua. Nafagia, napanga benchi, naketi kando ya simu hadi mchana. Hailii.